Hatua Sitini Kutoka Majini

Konda alipopaza sauti kwamba tunaingia Busisi, abiria wa dirishani alikuwa amelala fofofo. Sikumwamsha, nilijinyoosha tu juu yake nione maji. Miaka yote niliyosafiri kutoka Bukoba kwenda Mwanza, hapa palikuwa mahali pa kushuka. Unanunua hindi la kuchoma, unasubiri kivuko, unatazama saa, unarudi kununua hindi lingine. Safari hii basi halikusimama. Lilipanda Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, likateleza kilomita 3 juu ya ghuba, na kabla sijaipata simu chini ya pochi nipige picha tukawa tumeingia Kigongo. Jirani yangu akazinduka. "Kivuko bado?" Nikamwambia kivuko kimebaki nyuma pamoja na mahindi yake.

Nilikuwa na sababu mbili za safari. Mdogo wangu anaishi Mkolani na mume wake na watoto watatu, na watoto hao, ambao mimi ni mama yao mkubwa, walikuwa wananidai ziara ya likizo kwa miaka miwili. Sababu ya pili sikuitangaza sana. Nimestaafu ualimu wa jiografia, kiinua mgongo kimeingia, na nilikuwa na hamu ya kiwanja kinachotazama ziwa, karibu na ndugu na karibu na Bugando, maana uzee una mambo yake na hospitali.

Ukitokea Usagara unaipita Buhongwa kwanza, kisha Mkolani, ndipo uifikie stendi ya Nyegezi. Nilishuka kando ya lami na mkungu wa ndizi, kopo la senene na mfuko wa kahawa ya kutafuna. Nilivyoikumbuka Mkolani, ilikuwa barabara yenye vibanda viwili vitatu na vilima vya mawe nyuma yake. Sasa barabara ilikuwa imejipanga fremu za maduka pande zote: vifaa vya ujenzi, saluni, dawa, vifaa vya ujenzi tena. Nyuma ya fremu, mabati ya rangi nyekundu na ya bluu yamepanda vilima hadi yakaishiwa pa kupanda. Takwimu za sensa zinaeleza jambo hilohilo kwa njia yake: Wilaya ya Nyamagana, ambamo Mkolani ni kata, ilikuwa na watu 363,452 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye walihesabiwa 594,834. Watu hao ilibidi walale mahali.

Bodaboda alinibeba hadi mahali ambapo njia inageuka ngazi, akasema, "Mama, kuanzia hapa ni miguu yako." Watoto walikuwa wananisubiri juu. Mdogo wao, mwenye miaka saba, alinipigia goti akasema, "Mwadila, mayu!" Kisukuma safi, cha majirani. Mama yake akatoka jikoni akicheka: "Dada, huyu Kihaya chake ni kula ndizi tu."

Nyumba ya shemeji imeegemea jiwe. Naandika hivyo nikimaanisha hivyohivyo: ukuta wa nyuma uko hatua mbili kutoka mwamba mkubwa kama darasa, na juu ya mwamba huo umekaa mwingine, na juu ya huo mwingine, kama mtu aliyeacha kazi ya kupanga katikati. Mawe ya Mwanza ni matale, na umri wake unahesabiwa kwa mabilioni ya miaka. Udongo uliokuwa umeyafunika umekwenda na mvua, yakabaki yenyewe. Nimefundisha jambo hilo ubaoni mara nyingi. Sikuwahi kufundisha kwamba upande mmoja wa jiwe la namna hiyo, ukikalia kipande cha dumu la plastiki lililopasuliwa, unateleza hadi chini kwa kasi ya kumtoa mtu roho. Watoto wa mtaa mzima walikuwa pale, wamepanga foleni. Jiwe lilikuwa limesuguliwa na makalio yao hadi linang'aa.

"Nililichukia jiwe hili," shemeji aliniambia usiku, tukiwa tumekaa nje na kahawa. "Nilinunua hapa 2014 kwa sababu ya bei. Fundi akasema kulivunja ni gharama kuliko msingi. Unawasha moto juu yake siku nzima, likipasuka unaingia na nyundo na mtaimbo. Nikasema nitalivunja mwakani. Kila mwaka nasema mwakani."

Chini yetu taa zilikuwa zimetapakaa bondeni hadi Nyegezi. Mbele zaidi palikuwa na giza pana lisilo na taa. Hilo ndilo lilikuwa ziwa.

*

Jumamosi nilitafutiwa dalali. Alikuja kijana mtanashati mwenye simu mbili, akapokea kwanza hela ya kuzungusha, kisha akanizungusha kweli. Nilijifunza lugha yake kabla ya saa sita mchana. Kiwanja "kimepimwa" maana yake kina bikoni na kinaonekana kwenye ramani ya jiji. "Kipo kwenye mchakato" maana yake hakijapimwa. "Kina karatasi ya serikali ya mtaa" maana yake mwenyekiti alishuhudia mauziano, na hilo ni jema, ila karatasi hiyo haigeuki hati kwa kuwekwa kabatini. "Kinafikika" maana yake vaa viatu vya kamba.

Kila kiwanja alikiuza kwa kitu kilichoko mahali pengine. Hiki ni kwa sababu ya stendi ya Nyegezi, wapangaji hawatakosekana. Kile ni kwa sababu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe, jenga hosteli, mama, ulale. Kingine ni kwa sababu ya maji, kwamba tangu chanzo cha Butimba kianze kusukuma, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, bomba la huku limepata nguvu. Kingine ni kwa sababu ya daraja nililopita jana yake, na kingine ni reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambayo kichwani mwake treni zilikuwa zimeshaanza kupiga honi. Nilimuuliza kama kuna kiwanja kinachouzwa kwa sababu ya udongo wake. Alinitazama kwa huruma.

Halafu, kama mchawi anayeficha la mwisho kwapani, akasema: "Mama, najua unachotaka. Unataka bichi."

Tukaenda Luchelele. Barabara inapita Malimbe, inashuka, na ghafla hewa inabadilika. Unasikia harufu ya dagaa wanaokauka na ya maji yenyewe. Kiwanja alichonionyesha kilikuwa kizuri kiasi cha kunitia hofu. Nyasi fupi, mwembe mmoja, mawe mawili yaliyolala kama viboko, kisha maji. "Kinagusa ziwa," alisema taratibu, kama anayesoma dua. Bei yake, kwetu Bukoba ningenunua shamba na nyumba iliyomo na ng'ombe wake. Lakini sikuwa nafikiria bei. Nilikuwa najiona nimekaa chini ya mwembe huo na kikombe cha chai.

"Wanao watafurahi," dalali akamalizia. Hapo ndipo nilipoamua kurudi kesho yake na hao watakaofurahi, nione wanafurahije.

*

Jumapili baada ya misa tulijaa kwenye bajaji mbili. Shemeji alishauri tuanzie kwenye ufukwe mmoja wa starehe, wenye bembea, nyama choma na bwawa la kuogelea. Mlangoni tulilipa kwa kila kichwa, ndani tukalipa tena kwa bwawa. Watoto walivua wakaruka majini. Mimi nilikaa na kuangalia jambo ambalo hakuna mwingine aliyeonekana kulishangaa: bwawa la maji ya dawa limejengwa hatua chache kutoka ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, kubwa kuliko yote Afrika, na watoto wanaolala wakilitazama wamelipa ili waogelee kwenye shimo la vigae.

Nisiwadhulumu wenye mabwawa. Ziwa letu lina kichocho. Konokono wanaokaa kwenye majani ya ukingoni huachia vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na ndiyo maana shuleni tuliwapanga watoto mstari na kuwagawia dawa kulingana na urefu wao. Mdogo wangu ana haki ya kuogopa. Mzazi anayelipia bwawa hajalipia ufahari peke yake. Analipia pia usingizi wake. Familia zilizotuzunguka zilikuwa za aina yetu: baba mwenye duka, mama muuguzi, bibi amevalishwa kitenge kipya na kukalishwa kivulini na sahani ya sato. Zamani Jumapili ya namna hii ilikuwa ya wachache. Sasa imekuwa ya watu wengi, na si jambo dogo.

Lakini baada ya saa moja mvulana wa katikati, mwenye miaka kumi, alikuja akichuruzika maji. "Mama mkubwa, twende ziwani."

"Si tuko ziwani?"

"Hapa tuko bwawani."

Tukatoka nje ya geti, tukafuata barabara ya vumbi tukitafuta pa kuteremkia. Ukuta ulifuatiwa na ukuta. Huu wa mawe, ule wa bloku, mwingine wa mabati na kibao kinachosema hakiuzwi. Kwenye geti moja mlinzi mzee alitoka. Nikamwamkia, akaitikia kwa upole, nikamwomba watoto wapite wakashike maji.

"Hapana, mayu. Hapa ni kwa watu."

"Na hawa?"

Aliwatazama, akacheka kwa aibu. "Kwa watu wa humu ndani."

Aliyetuokoa ni mvuvi. Alikuwa anapandisha na wavu begani, akatokea kati ya kuta mbili mahali ambapo sikuona njia kabisa. Uchochoro wenyewe ulikuwa na upana wa mtu na mzigo wake. "Piteni," alisema. "Hii wamekatazwa wasiifunge, nasi tumekataa isifungwe." Tulipita mmoja mmoja, mikono imegusa kuta zote mbili, tukafika ufukoni. Palikuwa na mitumbwi mitatu, dagaa kwenye chandarua, wanawake wawili wanaofua, na maji.

Hapo ualimu ulinirudia. Niliwaambia watoto kwamba nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kwamba kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Mita 60 ni hatua sitini ndefu. "Basi tupime," akasema mkubwa wao. Nikaweka kisigino kwenye mstari wa maji nikaanza kutembea kuelekea nchi kavu, hatua za mwalimu wa michezo, nao wakihesabu kwa sauti kama kwaya. Wanawake wakaacha kufua. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Kwenye ishirini na saba pua yangu ilikuwa imegusa ukuta.

Mdogo wa miaka saba, mtu wa hesabu, alitafakari. "Mama mkubwa, thelathini na tatu zilizobaki ziko ndani."

Mvuvi alikuwa amerudi, anatutazama. Akasema tusijali sana, ziwa lenyewe hupima. Akanionyesha ukutani, usawa wa kiuno changu, mstari wa rangi ya chai unaozunguka jengo zima. Maji yalifika pale. Nilijua anachosema, maana kwetu nako yaliingia kwenye bustani za ufukweni. Ziwa Victoria hupata maji yake mengi kutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mlango wake wa kutokea ni mmoja, Jinja. Mvua zikizidi, mlango hautoshi. Mwezi Mei 2020 maji yalipanda yakaipita rekodi ya mwaka 1964, na Mei 2024 yakajipita yenyewe. Kila yalipopanda, majengo yaliyokuwa "yanagusa ziwa" yaliguswa nalo.

Nikaukumbuka mwembe wangu. Nilipima tena, kichwani safari hii: kutoka majini hadi shina lake hazikuzidi hatua arobaini. Kikombe changu cha chai nilikuwa nimekiweka juu ya ardhi ambayo haikupaswa kuuzwa kwa mtu yeyote.

*

Jumatatu tulikwenda kisiwa cha Saanane. Daladala la mjini hupita Butimba, Mkuyuni na Igogo, halafu unatafuta usafiri wa Capri Point, kilipo kituo cha boti za hifadhi. Nilikaza jaketi la kuokolea la kila mtoto mara mbili, wakalalamika. Sikuwaeleza sababu. Mtu wa Bukoba hapandi chombo Mwanza bila kukumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika hapa, na makaburi ya Igoma yalivyojaa majirani zetu. Ziwa linalouzwa kwenye matangazo ni bluu tu. Langu mimi lina mengine ndani.

Safari ni ya dakika chache. Saanane ilianza mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini, ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, na kwa kilomita zake za mraba 2.18, pamoja na maji, ndiyo ndogo kuliko zote Tanzania. Watoto waliwaona swala pala na pundamilia, lakini waliompenda ni pimbi, mnyama asiyezidi ukubwa wa sungura, aliyejianika juu ya jiwe kana kwamba jiwe ni sebule yake. "Kama kwetu!" alisema mdogo. Na mijusi yenye vichwa vyekundu ikipiga pushapu juani: kama kwetu. Na mawe yaliyopangana: kama kwetu. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, tumelipa boti kuja kuona nyuma ya nyumba."

Nilitabasamu, lakini kisiwa kile kilinipa zaidi ya hayo. Jina lake ni la mtu. Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima aliyeishi hapo, akahama kukipisha kisiwa kiwe cha wote. Tulisimama ukingoni, watoto wakatia mikono majini, hakuna aliyeuliza ni wa ndani au wa nje. Mtu mmoja alitoka ufukweni, na zaidi ya miaka sitini baadaye watoto wa Mkolani wanapata pa kusimama. Nikakumbuka kuta za jana, nikajaribu kuhesabu ni watoto wangapi wanaondoka ufukweni kila mtu mmoja anapoingia. Hesabu hiyo haikunitoka.

*

Siku ya kuondoka nilimpigia dalali. Nilimwambia sitaki bichi, anionyeshe kitu Mkolani, juu, kwa wenzangu. Alikuja shingo upande. Kiwanja cha mwisho alichonionyesha alikionyesha kwa kuomba radhi: kimepimwa, bikoni zote nne zipo, maji yanafika, lakini katikati kina jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa kubwa kama basi dogo, upande mmoja limesimama, upande wa pili limeteremka taratibu. "Ndiyo maana bei yake iko chini," alisema haraka. "Lakini mafundi wapo, mama. Siku tatu za moto, linaisha."

Watoto walikuwa wametufuata. Wakati mimi nauliza nakala ya ramani na jina la mmiliki ili nikahakiki ofisi ya ardhi ya jiji kabla ya kutoa hata senti, wao walikuwa wameshapanda. Kutoka chini niliwasikia wakibishana nani aanze. Mkubwa alisimama juu kabisa, akaweka kiganja juu ya macho, akageukia magharibi.

"Mama mkubwa, ziwa linaonekana!"

"Linaonekana sana?"

Alifikiri. "Kidogo. Katikati ya mabati."

Dalali akatabasamu, nikaona bei inapanda usoni mwake. Nikamwahi. "Kijana, uliniambia jiwe ni hasara. Andika hivyohivyo."

Jioni ile, basi la kurudi Bukoba liliposimama kunichukua, mvulana wa miaka kumi alinikabidhi zawadi iliyofungwa kwa gazeti. Niliifungua tulipofika darajani. Ilikuwa kipande cha dumu la plastiki, kimekatwa vizuri, na pembeni zake zimelainishwa juu ya moto zisinichane.